Mama, Kimbia Kidogo: Mazungumzo Kuhusu Moyo Uliochoka

Karibuni tena katika kipindi chetu cha afya ya mama na mtoto. Nawasalimu akina mama, akina nyanya, shangazi, na nyinyi dada wakubwa mnaolea wadogo zenu, hapa Garissa mjini, Masalani, Balambala, Modogashe na kambini Dadaab. Kama unakoroga unga wa anjera saa hii, endelea kukoroga. Unaweza kusikiliza huku ukifanya kazi.

Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya mtoto: chanjo yake, uji wake, kuharisha kwake. Leo nataka tuzungumze juu yako wewe unayempikia huo uji.

Wako akina mama wanaokuja kliniki na kusema wanaumwa na kichwa, mgongo, kifua. Tunapima presha, iko sawa. Tunapima malaria, hakuna. Dawa ya maumivu wanapewa, na baada ya wiki mbili wanarudi na maumivu yale yale. Basi mimi huweka karatasi kando nikauliza, "Hooyo, unalala usiku?" Hapo wengi hunyamaza kwanza. Kisha maneno yanatoka. Anaamka saa nane za usiku moyo ukimdunda kama mtu aliyefukuzwa. Chakula hakina ladha. Mtoto akimwaga maziwa kidogo, mkono umeshainuka kabla hajafikiri, na baadaye anakaa jikoni akilia kwa sababu amempiga mtoto asiye na kosa. Kwa Kisomali mtaniambia hiyo ni welwel, na kule Dadaab kuna buufis, ile hali ya mtu ambaye mwili wake uko kambini na akili yake imeshavuka bahari. Jina lolote utakaloipa, hali hiyo ipo, na si upungufu wa imani.

Sababu zake tunazijua. Mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na mifugo ikaisha mbele ya macho yetu. Mwaka uliofuata, 2023, mvua za El Niño zikaja kwa hasira, Tana ikafurika, barabara ya kwenda Madogo ikakatika, na watu waliokuwa wakilia kiu wakawa wanalia mafuriko. Kabla ya hayo, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Hakuna mama wa mji huu asiyekumbuka alikuwa wapi asubuhi ile. Na zaidi ya mambo hayo makubwa, kila nyumba ina lake: deni la dukani, mume aliyekwenda kutafuta kazi na simu yake haishiki, mtoto mlemavu anayehitaji kubebwa, mimba iliyotoka. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea, takriban mama mmoja kati ya watano hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa huzuni nzito. Kwa hiyo ukidhani uko peke yako, angalia foleni ya kliniki na uhesabu.

Sasa nieleze kinachotokea mwilini. Mwili umeumbwa hivi: ukiona hatari, unajitayarisha kupigana au kukimbia. Fisi akiingia kwenye boma la mbuzi usiku, moyo wako hupiga haraka, pumzi hupanda, misuli hukaza, damu hukimbilia miguuni. Unapiga kelele, unakimbia na kijinga cha moto, fisi anaondoka. Mwili umefanya kazi uliyojitayarishia, na baada ya muda unatulia.

Lakini deni la dukani haliondoki kwa kijinga cha moto. Habari mbaya ya simu huwezi kuipigia kelele ikakimbia. Mwili hautofautishi; umejitayarisha vile vile, moyo unapiga, misuli imekaza, na wewe umeketi tu kwenye mkeka. Kesho tena, na kesho kutwa tena. Mtu anayekaa hivyo miezi mingi lazima aumwe na shingo na mgongo, lazima akose usingizi.

Hapa ndipo mbio zinapoingia. Ukikimbia polepole, hata dakika chache, unaupa mwili ile kazi uliyokuwa ukiingoja. Misuli iliyokaza inalegea. Mwili unatoa kemikali zake wenyewe za kupunguza maumivu na kutuliza akili. Usiku usingizi unakuja mapema zaidi. Uchunguzi wa miaka mingi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba watu wanaofanya mazoezi ya mwili mara kwa mara hupungukiwa na huzuni na wasiwasi, na ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake lilitaja afya ya akili pamoja na moyo na sukari. Kipimo chao kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri kama kutembea haraka, au nusu ya muda huo kama ni ya nguvu kama kukimbia. Lakini wanasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, na mimi leo nataka hicho kidogo.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana najua wako wanaocheka. Kuna mama anayenisikiliza ambaye ametembea tangu alfajiri kwenda kisimani na mtungi mgongoni, akarudi, akakata kuni, akakamua mbuzi. Mama huyo simwambii akimbie. Yeye ameshafanya mazoezi ya wiki nzima kwa siku moja. Anachohitaji ni kupumzika, kula, na mtu mwingine abebe ule mtungi. Vivyo hivyo mama aliyekonda kwa njaa, mama ambaye kipimo cha mkono kimeonyesha ana utapiamlo, huyo asikimbie. Kwanza chakula. Nazungumza hasa na wewe wa mjini, wa Bulla Iftin, wa Bulla Punda, wa Galbet, unayeuza nguo au maziwa ukiwa umeketi kutwa, unarudi nyumbani kuketi tena, na fikira zako ndizo zinazokimbia badala ya miguu.

Wala mbio hazileti mvua. Hazilipi karo, hazimrudishi aliyezikwa. Ukirudi utalikuta deni pale pale mlangoni. Tofauti ni kwamba unaweza kuliangalia bila mikono kutetemeka, na mtoto akikuita mara ya tatu unaweza kumjibu kwa sauti ya kawaida.

Niwape mfano wa msichana mmoja, maana ulimwengu mzima ulimwona. Anaitwa Rose Nathike Lokonyen. Alizaliwa Sudan Kusini, vita vikawatoa nyumbani, akaingia kambi ya Kakuma kule Turkana mwaka 2002 akiwa mtoto. Miaka michache baadaye wazazi wake walirudi kwao, na yeye akabaki kambini akiwalea wadogo zake. Fikiria hilo: msichana wa shule, tayari ni mama wa nyumba. Alikuwa akipenda kukimbia. Mwaka 2015 wakaja watu wa wakfu wa Tegla Loroupe kutafuta wakimbiaji kambini, na Rose akawa miongoni mwa waliochaguliwa, akapelekwa Ngong kufanya mazoezi. Tegla mwenyewe mnamjua, yule mama wa Pokot aliyeshinda mbio za New York mwaka 1994, Mwafrika wa kwanza mwanamke kufanya hivyo, na ambaye tangu 2003 amekuwa akiandaa mbio za amani kati ya jamii zilizokuwa zikiibiana mifugo na kuuana. Agosti 2016, katika Olimpiki ya Rio, timu ya kwanza ya wakimbizi iliingia uwanjani, watu 10, watano wao wakimbiaji kutoka Kakuma. Aliyebeba bendera mbele alikuwa Rose. Katika mita 800 hakufika fainali, na sidhani kuna mtu aliyejali. Mimi ninachokipenda katika habari yake ni kile kilichotangulia Rio: kwamba binti mwenye mzigo wa kulea alipata saa moja ya siku ambayo ilikuwa yake.

Wewe hatukutafutii bendera. Tunakutafutia ile saa. Au robo saa.

Sasa aibu. Najua neno litakalosemwa bullani: "Mke wa fulani anakimbia barabarani kama mtoto." Hebu tujiulize. Nani asiyejua habari ya Bi Hajara, mtoto wake akilia kwa kiu, alivyokimbia kati ya Safa na Marwa mara saba akitafuta maji? Mamilioni wanaokwenda Makka hupita njia ile ile kila mwaka wakimkumbuka mama aliyekuwa taabuni. Na Bibi Aisha, si imepokewa kwamba alishindana mbio na Mtume, Sala na Amani zimfikie, akamshinda? Heshima haiondoki kwa sababu miguu imeenda haraka. Vaa dira yako au jilbabu isiyoburuta chini, suruali pana ndani, mtandio umefungwa vizuri usiingie machoni. Kama bado unaona uzito, kimbia ndani ya ua wa nyumba. Ua una kuta nne. Zunguka mara 20 na hakuna atakayekuona isipokuwa kuku.

Wakati unaofaa ni baada ya sala ya Alfajiri, kunapopambazuka na ardhi ikiwa bado baridi, au jioni baada ya Alasiri jua likishalegea. Mchana usijaribu. Joto letu hufika nyuzi 35 na kupita, na kukimbia katika joto hilo ni kutafuta kuzirai. Kunywa maji kabla ya kutoka, na mengine yakusubiri nyumbani. Kumbukeni pia kwamba alfajiri haikuwa yetu siku zote. Aprili 2015 serikali ilipoweka amri ya kutotoka nje usiku hapa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, hata kwenda msikitini alfajiri kulikuwa na shida. Kwa hiyo hata sasa, kama kuna tahadhari ya usalama, bakini uani. Siku za kawaida nendeni wawili au watatu, kukiwa na mwanga, na mtu awe na kitambulisho mfukoni. Hilo sihitaji kulieleza kwa watu wa hapa.

Njia? Uwanja wa shule kabla ya masomo ni bora kuliko yote. Barabara kuu ya Nairobi iacheni kwa malori. Na ukingo wa Tana uacheni kwa wenyewe. Mamba hajui kwamba umetoka kutafuta utulivu, na kiboko anayerudi mtoni alfajiri ni mbaya zaidi. Viatu ni lazima. Miba ya mathenge hupenya ndapa, na kwa mwenye ugonjwa wa sukari kidonda kidogo cha mguu kinaweza kumpotezea mguu. Raba za mitumba pale Suuq Mugdi zinatosha, mradi zisikubane vidole.

Watoto utawaacha na nani? Hili ndilo swali linalowashinda wengi, na jibu nililoliona likifanya kazi ni la majirani watatu. Wawili wanakimbia, mmoja anabaki na watoto wa wote watatu. Siku nyingine wanabadilishana. Kama unanyonyesha, mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka ili maziwa yasikulemee, na ufunge kifua kwa sidiria inayoshika au leso. Maziwa hayaharibiki kwa sababu umekimbia. Hayo ni maneno ya watu.

Na wewe unayemlea mtoto asiyeweza kuachwa hata dakika moja, mtoto mwenye kifafa au aliyelala tu, kimbia papo hapo ulipo, karibu na mkeka wake. Inua magoti, tikisa mikono, dakika tano. Wengine hucheka wakimwona mama akiruka, na hicho kicheko nacho ni dawa ya nyumba.

Anza hivi. Kimbia kutoka nguzo moja ya stima hadi inayofuata, polepole kabisa, kisha tembea nguzo mbili. Tena kimbia moja, tembea mbili. Ukifikisha dakika 10, rudi nyumbani. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Mimi siku yangu ya kwanza sikufika hata nguzo ya pili, nikasimama nimeshika kiuno, na wanafunzi wa duksi wakanipita wakicheka. Baada ya mwezi utaona unakimbia nguzo mbili na kutembea moja. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako: ukiweza kuzungumza na mwenzako, mwendo ni sawa, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Na mazungumzo hayo msiyadharau. Kuna mambo ambayo mama hawezi kuyasema akimtazama mtu usoni, lakini mkiwa bega kwa bega, macho mbele, yanatoka.

Kabla hujaanza, muone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kwenu, yule anayepita nyumba hadi nyumba na mkoba. Tangu 2023 wengi wao wamepewa mashine ya presha na ya kupima sukari. Akupime. Kama viganja vyako na ndani ya jicho ni vyeupe, unachoka ukipanda ngazi tatu, huenda damu ni chache. Nenda kituo cha afya upimwe kwanza. Mjamzito atembee haraka badala ya kuanza mbio mpya, na akiona damu, maji yakivuja, kizunguzungu au kichwa kikiuma sana, asimame na aende hospitali. Aliyejifungua aanze na kutembea, asikimbie kabla ya miezi mitatu, na aliyepasuliwa aangaliwe na mkunga kwanza. Kama mkojo unakutoka unapokimbia, au una maumivu sehemu za siri, iwe ni kwa sababu ya uzazi mgumu au kwa sababu ulikeketwa utotoni, mwambie muuguzi. Ni jambo linalotibika au kupunguzwa, na hakuna muuguzi atakayekushangaa. Mwezi wa Ramadhani, punguza: tembea kidogo karibu na wakati wa kufuturu, maji yakiwa karibu.

Jambo jingine ambalo wanaosifu mbio huwa hawalisemi. Mtu aliyepitia tukio la kutisha, aliyesikia risasi, aliyepotezwa na maji ya mafuriko, akianza kukimbia na moyo ukapiga haraka, mwili unaweza kudhani tukio limerudi. Hofu inampanda ghafla katikati ya njia. Ikikupata, usijilazimishe. Simama, weka miguu yote miwili chini, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona: mti, ukuta, punda, mkokoteni, mwenzangu. Pumua nje taratibu kuliko unavyopumua ndani. Wiki hiyo tembea tu. Mbio zitakungoja.

Na kuna huzuni ambayo mbio haziiwezi. Kama wiki mbili zimepita hutaki kuoga, hutaki kula, hutaki hata kumshika mtoto. Kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kama fikira inakujia ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, basi usisubiri Jumatatu. Mwambie mtu leo. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti au kituo kilicho karibu, useme maneno hayo hayo kama nilivyoyasema. Unaweza kupiga simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, nambari 1199, bila malipo, ukazungumza na mshauri. Wengine huogopa kusema kwa sababu wamesikia mtu aliyejaribu kujiua hushtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba. Anayekuja hospitali na fikira hizo ni mgonjwa, na anatibiwa kama mgonjwa.

Nyinyi akina baba mnaosikiliza kutoka kibarazani, mnajifanya mnanywa chai, nanyi mna kazi. Mkeo akikuomba robo saa asubuhi, shika mtoto. Hiyo tu.

Kabla sijamaliza, kuna nyanya mmoja aliyenisimamisha sokoni akaniuliza, "Na mimi wa magoti mabovu, niliyezika watoto wawili, nikimbilie wapi?" Nilimwambia ayeeyo usikimbie. Chukua fimbo yako, tembea hadi kwa yule rafiki yako anayeishi bulla ya pili, ukae, unywe chai isiyo na sukari nyingi, urudi kabla jua halijapanda. Ukifika, mwambie na yeye kesho aje kwako. Akaniambia rafiki huyo hawajaonana tangu mafuriko, ingawa ni mwendo wa dakika 20. Alikwenda. Nimemwona juzi, wako wawili sasa, polepole, kila mmoja na fimbo yake, wanazungumza mpaka wanasahau kusalimia watu.

Kipindi kijacho tutarudi kwa watoto: namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Wekeni kijiko na kikombe tayari. Wabillahi taufiq, kwaherini.